Mpigapicha mwenye ulemavu na chambo cha wanyama: kanuni zilegezwe?

Nyika Tulivu: Wadau, naomba tujadili. Mpigapicha anayetumia kitimwendo hawezi kumfuata mnyama kwa miguu. Je, mashindano ya picha za wanyamapori yamruhusu aweke chambo mradi aseme wazi? Mimi nakataa. Bundi aliyezoea kurushiwa panya kando ya barabara hurudi palepale, na magari yanamgonga. Madhara kwa mnyama ni yaleyale, awe amelishwa na nani.

Mzee wa Lenzi: Naunga mkono. Na tuseme ukweli, porini ni kwa wenye miguu. Mwingine apige maua, hakuna atakayemlaumu.

Binti Darubini: Mzee, maua? Natumia kitimwendo na sijawahi kumwekea mnyama chambo. Napigia garini, injini imezimwa, lenzi imelazwa juu ya mfuko wa mchanga dirishani. Wanyama wengi wanalivumilia gari kuliko mtu anayenyemelea. Ninyi mnaotambaa majanini hadi ndege anakimbia kiota, ndio mnifundishe maadili?

Mzee wa Lenzi: Sijawahi kugusa kiota maishani mwangu. Usinizushie!

Binti Darubini: Sikusema umegusa. Ndege akikaa mbali kwa hofu, mayai yanapoa. Inatosha.

Kaka Shata: Mbona wenye miguu ndio waliodanganya? Ile picha ya mbwa mwitu akiruka lango, ilishinda kule London kisha ikafutwa, nadhani 2011.

Nyika Tulivu: Ilishinda 2009, ikafutwa Januari 2010, majaji waliona yaelekea mbwa mwitu yule ni wa kufugwa. Mwaka 2018 wakaondoa nyingine, ya mla mchwa, wataalamu waliposema ni ngozi ya mnyama mfu iliyojazwa. Lakini swali langu lilikuwa chambo.

Kaka Shata: Suala la chambo mmeshalijibu. Mimi nasema Binti aeleze hali yake kwenye kila picha. Watu wataguswa, na hifadhi itachangiwa.

Binti Darubini: Hapo umenichoma kuliko Mzee. Nilipeleka makala kuhusu eneo oevu linalokauka na ndege wanaokosa pa kuzalia. Ikatoka na kichwa cha habari kuhusu miguu yangu. Maji yakatajwa aya ya mwisho. Huruma waliyonipa mimi waliwanyima wale ndege.

Kaka Shata: Ila angalau ilisomwa.

Binti Darubini: Ilisomwa kuhusu mimi! Hakuna hata msomaji mmoja aliyeuliza maji yanakwenda wapi.

Nyika Tulivu: Basi nikuulize, ungetaka nini kilegezwe?

Binti Darubini: Kanuni ibaki kali kwa wote. Ninachotaka ni kibanda cha kujifichia chenye mlango mpana, njia isiyo na ngazi, na dirisha la usawa wa mtu aliyeketi. Vingi nilivyofika, dirisha liko juu ya kichwa changu. Naona mbao tu.

Mzee wa Lenzi: Likishushwa, sisi tunaosimama tupigie wapi?

Binti Darubini: Ketini, benchi zimo humo tayari. Ama yawekwe madirisha mawili, la juu na la chini.