Naomba ushauri: nihamishe kambi usiku huu au nisubiri kupambazuke?

Mkaa Vani: Wakuu, salaam. Mimi ni Mtanzania ninayeishi ndani ya vani na mbwa wangu watatu, Kaniki, Tausi na Pweza, na huu ni mwaka wa pili tangu niache kulipa kodi ya nyumba kule Phoenix. Kwa sasa nipo nje ya Quartzsite, Arizona, kwenye ardhi ya umma ambayo mtu huruhusiwa kupiga kambi bure kwa siku 14 ndani ya kila siku 28, kisha ni lazima aondoke. Kuhama kuna kazi: kukunja turubai na paneli za sola, kujaza maji, kumwaga majitaka, kuwafunga mbwa wasirukie usukani, halafu kutafuta mahali pasipo na cholla, aina ya dungusi kakati ambayo miiba yake hunasa kwenye nyayo za mbwa na haitoki ila kwa kitana na koleo. Wazoefu, je, ni busara kuhama usiku?

Utingo Mstaafu: Usihame usiku. Mwaka mmoja tulikuwa tunatoka Singida na shehena ya alizeti, dereva akadai kwamba anaijua njia ya mkato, na tulilala siku tatu ndani ya korongo la mchanga tukila alizeti ya watu. Mchanga wa usiku unaonekana mgumu kuliko ulivyo.

Mama Wawili: Mdogo wangu, sikukatazi kupenda wanyama, lakini mtu mzima hulala na mbwa watatu jangwani ilhali wazazi wake wapo hai? Rudi nyumbani, uoe, mbwa mmoja alinde lango.

Karani: Leo ni siku yako ya ngapi hapo?

Mkaa Vani: Ya tisa.

Karani: Basi umebakiwa na siku tano. Anayehama usiku akiwa na siku tano mkononi anakimbia kitu. Ni kitu gani?

Mkaa Vani: Sikudhani kwamba linahusiana na swali langu. Jana jioni mbwa wa jirani alimvamia Kaniki, na yule jirani, mzee anayeishi kwenye karavani, alipoingiza mkono kuwatenganisha, Pweza alimng'ata kiganjani. Damu ilitoka kidogo. Mwenyewe alicheka na kusema si neno. Nimeona ni heri nisogee mbali kabla hajabadili mawazo, na turubai nimekwisha kulikunja.

Bwana Mifugo: Mwambie huyo mzee aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hata kama alikwisha kuliosha, kisha aende hospitali leo hii. Wewe usiende popote. Mbwa aliyemng'ata mtu huangaliwa kwa siku 10, kwa sababu akiwa na virusi vya kichaa cha mbwa kwenye mate siku aliyong'ata, ataugua waziwazi au kufa kabla siku hizo hazijaisha. Akibaki mzima, mzee wa watu amepona hofu. Ukimhamisha, unaondoka na jibu lake. Chanjo ya Pweza ikoje?

Mkaa Vani: Iliisha muda wake mwezi Novemba. Naombeni mnielewe: mbwa huyu haondoki machoni pangu, na mtu asiye na anwani hupata taabu hata kupanga siku ya kliniki. Sheria ya Arizona inasema mbwa mwenye chanjo na leseni anaweza kukaa karantini kwa mwenyewe, ila asiye nayo hupelekwa kwenye kituo cha kaunti au kwa daktari wa mifugo kwa gharama ya mwenye mbwa. Sina fedha za siku 10.

Mzee wa Kilosa: Kumbe sheria unaijua. Tulipokuwa darasa la nne, rafiki yangu aliumwa na mbwa wa jirani, na mwenye mbwa akamficha shambani kwa kuogopa kudaiwa. Baada ya wiki kadhaa rafiki yangu alishindwa kunywa maji. Sitaandika zaidi.

Jicho la Tatu: Ndugu zangu, mnalizwa na hadithi ya kutunga. Swali lilianza na turubai, sasa tumefika kwenye karantini. Kama kweli upo huko, taja jina la kambi.

Mkaa Vani: Hi Jolly, kaskazini ya mji.

Utingo Mstaafu: Jina hilo ni Haji Ali lililoharibiwa na ndimi za Wamarekani. Alikuwa mchunga ngamia aliyeletwa na jeshi lao katika miaka ya 1850, akafa mwaka 1902, na kaburi lake lipo hapo Quartzsite chini ya piramidi ya mawe yenye sanamu ya ngamia kileleni.

Jicho la Tatu: Hilo hata mimi ningelisoma kwenye ramani.

Bwana Mifugo: Iwe ya kweli au ya kutunga, kiganja hakisubiri. Popo, vicheche na mbweha wa Arizona hubeba ugonjwa huo.

Mbeba Boksi wa Yuma: Hesabu yako ndiyo inayokubana, maana siku tano hazitoshi siku 10. Kusini ya mji kuna La Posa, kambi ya msimu wa Septemba 15 hadi Aprili 15. Nilipokaa mimi kibali cha siku 14 kilikuwa dola 40. Piga simu kaunti kwanza, uwaambie ukweli na uulize gharama kabla ya kuamua kwamba huziwezi, kisha hamia hapo mchana kwa ruhusa yao, wajue pa kukupata.

Mkaa Vani: Nimebisha karavani. Taa inawaka ila gari lake dogo halipo. Nimebandika barua mlangoni yenye namba yangu ya simu. Turubai bado limekunjwa.

Bwana Mifugo: Rudi ukaongeze saa aliyong'atwa. Hospitali wataiuliza.