Prado 120 imeinama mbele: raba, spesa, springi au seti nzima?

MtuWaMlimba

Wakuu, habari za jioni. Nina Prado 120 ya 2005, injini 1KD ya dizeli. Mwaka jana nilimgonga ng'ombe usiku, nikaamua kufunga ngao ya chuma, na tangu hapo pua ya gari imeinama kama mtu anayetafuta sindano mchangani. Njia yangu ni Ifakara–Mlimba. Anayeijua wakati wa masika anajua: malori yanachimba mifereji miwili, katikati linabaki tuta la udongo, nami napita nalilima tuta hilo kwa bati la kukinga injini. Sitaki gari ya kupigia picha. Nataka inchi moja na nusu mbele, zikizidi mbili. Nyuma iko juu vya kutosha.

Nimepita gereji tatu, nikatoka na majibu manne. Wa kwanza anasema raba za kubana katikati ya springi. Wa pili anasema spesa, yaani vipande vya kupachika ili kuinua gari, "saa moja na nusu unaondoka". Wa tatu anasema springi mpya za mbele, halafu akajisahihisha mwenyewe kwamba bora seti nzima, springi na shokapu pamoja. Bei ya huyo wa mwisho ni kama mara 8 ya spesa. Aliyewahi kufanya aniambie yaliyomkuta baada ya miezi, si siku ya kwanza.

Babu_Rimu

Kabla ya kununua chochote, pima. Simamisha gari pasawa, shika tepu, pima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi. Usipimie ardhini, upepo wa tairi utakudanganya. Springi za 2005 zimechoka hata bila ngao. Huenda unachokitafuta si kunyanyua gari bali kurudishiwa ulichonyang'anywa kidogo kidogo.

MtuWaMlimba

Nimepima, Babu. Kushoto sentimita 49, kulia 48.

Spana14

Mkuu, neno spesa linachanganya watu kwa sababu ziko za aina mbili, na madhara yake yanapishana.

Ya kwanza inakaa nje, kati ya kichwa cha shokapu na bodi. Fundi anafungua nati tatu za 14 juu, boli la chini, anaitoa shokapu na springi yake bila kuibana, anapachika spesa, anarudisha. Ndiyo hiyo saa moja na nusu uliyoahidiwa. Springi haijaguswa, kwa hiyo ulaini unabaki ule ule. Ubaya unaonekana gurudumu likining'inia. Shokapu ndiyo inayolizuia gurudumu lisishuke kupita kiasi, na wewe umeisogeza shokapu yote chini. Gurudumu linashuka kuliko lilivyopangiwa kiwandani. Jointi ya shafti inayozungusha gurudumu inapinda zaidi, buti lake, ule mfuko wa raba, linasuguana mikunjo kwa mikunjo, boljointi ya juu inafika mwisho wake, na armu ya juu, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu, inaweza hata kugusa springi.

Ya pili inakaa ndani, juu ya springi, na hiyo lazima springi ibanwe kwanza. Hapa shokapu haijasogea, ila gari ikiwa imesimama tu, shokapu tayari imenyooka zaidi ya kawaida. Nafasi ya kushukia imepungua. Ukivuka tuta, gurudumu linataka kushuka, shokapu imeshafika mwisho: ko! Kila tuta, ko. Springi ndefu juu ya shokapu za zamani nazo hufanya hivyo hivyo.

Halafu hesabu, na hapa ndipo watu wanapoumia. Kwenye Prado shokapu haikushikwa na gurudumu lenyewe. Imesimama kwenye armu ya chini, karibu katikati ya urefu wake. Kinachoongezeka juu ya armu kinakuwa karibu mara mbili kwenye gurudumu. Spesa ya milimita 25 inakupa karibu 50. Nimewahi kuletewa gari yenye spesa za milimita 50, mwenyewe anashangaa kwa nini buti za shafti zimechanika zote mbili mwezi wa pili. Alitaka inchi mbili, akanunua inchi mbili.

DadaForester

Hiyo hesabu si ya kila gari jamani, mtu asije akaipeleka kwa RAV4 au X-Trail. Mimi niko Narok na Forester. Kwetu shokapu imefungwa moja kwa moja kwenye kile chuma kinachobeba gurudumu, kwa hiyo spesa ya milimita 30 inakupa kama 30 tu.

Kuhusu raba, nilianza nazo kwa sababu zilikuwa bei ya chakula cha mchana. Raba inaziba mizunguko miwili ya springi isifanye kazi. Gari inapanda kidogo, lakini inakuwa ngumu kama mkokoteni wa punda. Ya kushoto ilitoka nikielekea Talek. Sikuisikia. Nilihisi tu usukani unavuta upande mmoja, nikashuka, nikaona gari imelala bega moja kama mama aliyebeba ndoo. Raba yenyewe sikuipata mpaka leo.

Sasa nina spesa za alumini, mbele na nyuma, mwaka wa tatu. Nimebadilisha linki za stabilaiza mara moja. Sijutii. Lakini kaka wa Mlimba ana ngao na springi imeshindwa na uzito. Spesa itamnyanyua mgonjwa, haitamtibu.

MzeeWaMoto

Mnamtia kijana gharama bure. Zamani tulikuwa tunapeleka springi kwa fundi wa kuchomelea, anaipasha moto, anaivuta sentimita mbili, kazi imekwisha. Hakuna cha spesa wala seti.

Spana14

Shikamoo mzee wangu, lakini hapo nakukatalia. Springi imekomazwa kiwandani kwa moto na kupozwa kwa mpangilio maalumu. Ukiipasha ikawa nyekundu, ukaiacha ipoe hewani, umeifuta kazi yote ile. Itasimama wiki mbili, kisha ilale chini kuliko mwanzo, au ikatike. Na haitachagua kukatikia mbele ya gereji.

Babu_Rimu

Tena tukiwa kwenye springi: hiyo kazi si ya kamba. Nilisimama nikimtazama kijana ameifunga springi ya mbele kwa mnyororo, anafungua ile nati ya katikati kwa spana ya pete. Zilipobaki nyuzi mbili tatu akageuka kumwomba mwenzake kiberiti. Kile kichwa cha shokapu kilipaa, kikatoboa bati la paa, kikaanguka karibu na viatu vya mteja. Mnyororo ulikuwa bado umefungwa vizuri kabisa. Ulizia kwanza kama gereji ina kibanio cha springi, na ukione kwa macho.

Jingine, na hili wanaouza hawalisemi. Mbele ya Prado kila gurudumu linajitegemea na difu, lile bonge la gia kati ya magurudumu mawili, imeshikwa na chesisi, kwa hiyo ukinyanyua mbele difu ya mbele inapanda pamoja na bati la injini. Nyuma ni ekseli moja ngumu. Hata uweke springi za lori, difu ya nyuma inabaki pale pale, maana inakanyaga kupitia tairi. Ukitoka 265/65R17 kwenda 265/70R17, kipenyo kinatoka milimita 776 hadi 803, na difu inapata nusu ya hiyo tofauti: milimita 13. Spidi mita ikisema 100 utakuwa unakwenda kama 103. Ndiyo zawadi yote.

MtuWaMlimba

Kwa hiyo tuta nitaacha kulilima kwa bati la injini, nianze kulimalizia kwa difu ya nyuma.

Babu_Rimu

Angalau utalima mara moja badala ya mbili.

MswahiliMaskati

Salaam kutoka Maskati. Nina Prado kama hiyo, ya petroli. Nilifunga seti nzima, shokapu za Bilstein 5100 ambazo kikombe cha springi kina ngazi za kupandishia, na kwa tamaa nikapanda hadi milimita 65. Shokapu zimetengenezwa kwa urefu wa kunyanyuliwa, kwa hiyo ile "ko" ya Spana14 sijawahi kuisikia. Mchangani raha tupu, ingawa kusema kweli kushusha upepo wa tairi hadi 18 kulinisaidia zaidi ya springi zote.

Shida ilikuwa lami. Barabara ya kwenda Sur, spidi 110, usukani ukawa mwepesi hauna makao. Ukiuachia haurudi katikati, na upepo wa pembeni unakuchezea. Mbele ikipanda, gurudumu hubadili mlalo wake, na zile kemu za armu ya chini, boli za kurekebishia mlalo huo, zina mwisho wake. Kwa 65 fundi wa alaimenti, anayepanga magurudumu yaelekee sawa, alinyoosha mikono, nikanunua armu za juu nyingine. Nilipozishusha ngazi hadi kama 40, armu za kiwandani zingetosha kabisa. Hela imeshakwenda. Kwa hiyo ndugu yangu, hizo inchi mbili zako zisahau, moja na nusu ndiyo yenyewe.

Na taa! Ukinyanyua mbele tu, taa zinatazama miti. Zishushe siku hiyo hiyo.

Spana14

Mwenzangu amemaliza. MtuWaMlimba, ningekuwa wewe ningechukua springi zilizopimwa kwa gari yenye ngao. Zinauzwa kulingana na uzito zitakaoubeba, asikuuzie za ngao na winchi wakati winchi huna, utarushwa kama gunia. Pamoja nazo shokapu za mbele mpya. Lenga milimita 40. Kwa kiasi hicho huna haja ya vile vipande vya kushushia difu.

Simama karibu wakati anafunga. Boli za bushi za armu, zile raba za viungio, zisikazwe hadi mwisho gari ikiwa juu ya jeki. Zikazwe gari ikiwa imekanyaga chini kwa magurudumu yake. Akikaza juu, bushi inabaki imejikunja muda wote unaotembea, haimalizi mwaka. Gurudumu likiwa bado linaning'inia, zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili, utazame mpira wa breki na waya wa ABS visivutike. Kisha alaimenti, siku hiyo, si "wiki ijayo nikipata nafasi".

DadaForester

Ukishafunga rudi utuambie, usipotee kama wengine wanaouliza wakipata jibu wanatokomea.

MtuWaMlimba

Mrejesho, wiki ya sita. Nimekuja Dada, sijatokomea.

Nilifuata ushauri wa springi na shokapu za mbele. Ilibidi niuze pikipiki, mama watoto bado hajanisamehe. Fundi alikuwa na kibanio cha kweli. Springi za zamani zilipolazwa sakafuni kando ya mpya, ya kulia ilikuwa fupi kuliko ya kushoto, unaona kwa macho bila tepu. Bushi alitaka kuzikaza gari ikiwa juu, nikamwomba aishushe, akanuna, akashusha. Alaimenti mashine ilionyesha magurudumu ya mbele yametazamana kama majirani wenye ugomvi. Ilichukua saa nzima.

Siku tatu za kwanza niliona imekuwa ngumu, sasa nimezoea. Matuta hayagongi. Taa nilisahau. Nilipita Mikumi usiku, kila basi linanimulika, nikadhani wananionya kuna tembo. Nikapunguza mwendo, nachungulia vichakani. Nikaja kukumbuka maneno ya Maskati nikiwa nimeshafika Mikumi mjini.

Wiki iliyopita mvua imepiga Mlimba. Bati la injini halijagusa tuta hata mara moja. Difu ya nyuma imelima kama Babu alivyosema, lakini gari ilipita mahali ambapo mwaka jana nilivutwa na trekta.

Vipimo vya leo: kushoto 53 na nusu, kulia 53. Spana14, hiyo nusu sentimita ya kulia inaninyima usingizi. Niweke kipande cha milimita 5 juu ya springi?

Spana14

Iache. Milimita 5 pale juu ni sentimita nzima kwenye gurudumu. Wiki ijayo utarudi hapa unalalamikia kushoto.