Mrejesho: giligilani zangu za kwenye ndoo

Wakuu, ni mimi niliyelalamika kwamba giligilani zinanyauka zikifika kimo cha kidole. Mliosema nitoboe ndoo mlipatia: nilipoipindua, chini kulikuwa na tope linalonuka kuliko mwalo wa dagaa. Nikatoboa matundu matano, nikaiinua juu ya mawe (huku Kitangiri, Mwanza, mawe hayatafutwi), nikachanganya udongo na samadi iliyooza vizuri. Mbegu nilizisugua kwanza, kila punje ikapasuka mbili, nikapanda palepale bila kuhamisha miche. Siku ya kumi zikachomoza. Kivuli cha mwembe mchana kimezizuia kukimbilia maua. Jana nimechuma za kwanza, zikaingia kwenye mchuzi wa sato. Mnanaa wangu nao umeshatambaa hadi kwa jirani. Anachumia chai, hajalalamika bado.