Sindano 12 za tezi dume hazikuona kitu, sasa daktari anataka MRI na kinyama tena

MwanaPongwe
Shikamooni wakubwa. Mzee wangu ana miaka 68, yuko Tanga. Mwaka jana PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, ilikuwa 8, akachukuliwa kinyama, yaani vipande vidogo vya tezi vya kupima saratani, kwa njia ya haja kubwa, sindano 12, majibu safi. Mwezi huu PSA imefika 13. Daktari anataka aende Dar apige MRI, ile picha ya ndani ya mwili kwa sumaku, halafu achukuliwe kinyama tena. Mzee kagoma. Anasema wangekuwa na cha kuona wangekiona. Na jirani kamtia hofu kwamba saratani ikiguswa na chuma inasambaa. Kuna aliyepitia haya?

BabuChumbageni
Marahaba mwanangu. Mimi ni wa Tanga, naishi Leicester, Uingereza, na hayo ya mzee wako yalinipata vilevile. Sindano 12, safi, PSA ikaendelea kupanda.

Msomee haya. Ultrasaundi inayoongoza sindano inamwonyesha daktari tezi yenyewe, lakini saratani mara nyingi haijitengi na nyama nzima. Kwa hiyo sindano zinagawanywa huku na huku kwa mpangilio. Yangu ilikuwa upande wa mbele, mbali na njia ya haja kubwa. Zile 12 zilipita nyuma yake zote.

MRI ikaonyesha doa, likapewa alama 5 kati ya 5, yaani la kutiliwa shaka kubwa kabisa. Mara ya pili picha ya MRI ililazwa juu ya ultrasaundi, daktari akalenga doa lenyewe. Sindano zilipita kwenye ngozi kati ya korodani na njia ya haja kubwa, ambako hatari ya maambukizi ni ndogo. Kilichouma ni ganzi. Mkojo ulikuwa na damu siku tatu, shahawa zaidi ya mwezi. Mwambieni mapema asishtuke, mimi sikuambiwa na nilikosa usingizi.

Majibu: saratani, Gleason 3+4, kipimo cha ukali wake, ya kati. Nikafanyiwa upasuaji, leo nipo.

Utafiti wa PRECISION wa 2018, wanaume 500: walioanza na MRI, 38 kati ya kila 100 walikutwa na saratani ya kutiliwa maanani, wa njia ya zamani, 26. Na sisi weusi huku Uingereza, mmoja kati ya wanne huipata maishani. Mzee asichelewe.

SistaPicha
Nafanya kazi chumba cha MRI. Damu ya kinyama huchafua picha kwa wiki kadhaa, ila yeye ni tangu mwaka jana, hakuna tatizo. Aseme kama ana betri ya moyo, sukari, au anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mchukue CD ya picha, msirudi na karatasi tu, kwa sababu daktari wa sindano anahitaji kuona doa. Pasipo mashine ya kuunganisha picha, daktari mzoefu huisoma MRI kisha akalenga kwa macho. Saratani kusambaa kwa sindano hii ni nadra mno. Ila MRI nayo huweza kukosa, ndiyo maana wengine huchukua na vinyama vya pembeni.

MwanaPongwe
Nimemsomea yote jioni hii. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza: huyo wa Chumbageni alikaa siku ngapi bila kushika jembe?

BabuChumbageni
Mwambie baada ya sindano nililala kwangu usiku uleule. Jembe aliache wiki moja. Na anipigie, nitakutumia namba faraghani.