Ziwa Pangong na monasteri za Ladakh kwa siku tano, inatosha?

msoma_pune
Habari za jumapili wakuu. Nasoma hapa Pune, mitihani ikiisha mwezi wa 5 mimi na mwenzangu tunataka kabla ya kurudi Bongo twende Ladakh, kule juu kabisa kaskazini mwa India, tukaone ziwa Pangong na zile monasteri za Wabudha. Siku tunazo tano. Plani ni ndege Delhi mpaka Leh, mji mkuu wa Ladakh, kesho yake asubuhi tunakodi gari mpaka Pangong tunalala hukohuko, tunarudi tunapiga monasteri mbili tatu, tunasepa. Waliofika naomba ushauri, na nguo pia maana sweta ninalo moja tu.

mgumu_wa_moshi
Dogo, sweta sio shida yako. Mimi Ladakh sijafika ila kazi yangu kupandisha wageni Kilimanjaro na hiyo ratiba imenitisha. Leh ni kama mita 3,500 juu ya usawa wa bahari, hewa nyembamba, yaani unakaribia kambi ya Horombo kule Kilimanjaro, na Horombo mgeni wa njia ya Marangu anafika siku ya pili kwa miguu yake, ameshalala kambi ya Mandara kwenye mita 2,720. Nyie ndege inawabwaga tu hapo mkitokea Delhi bondeni, halafu kesho yake mkalale ziwani zaidi ya 4,200?? Na msijidai vijana, hao wenye mbio ndo tunaowashusha na machela. Kichwa kikigonga na chakula hakipiti usipande tena, ila mtu akianza kuyumba kama mlevi au anahema wakati amekaa tu, huyo anashushwa usiku uleule.

binti_wa_tanga
Mgumu kasema kweli. Mimi nilienda nikiwa nasoma Bangalore, siku ya kwanza Leh kupanda ngazi za gesti tu nikakaa chini katikati 😂. Siku mbili za mwanzo lala, kunywa maji, zunguka sokoni taratibu. Ya tatu nenda monasteri za Thiksey na Hemis, zote ziko upande wa mto Indus sio mbali na mji. Thiksey wahi alfajiri watawa wakiwa kwenye sala, humo ndani kuna sanamu ya Maitreya, Buddha wao ajaye, kakaa ghorofa mbili nzima, kama mita 15. Watakupa chai ya siagi na chumvi, ukiiwazia chai ya maziwa itakushinda, mimi niliinywa kama supu ikapita. Viatu nje, na stupa (mnara wao mtakatifu) unaizunguka ikiwa mkono wako wa kulia.
Pangong sasa, njiani kuna Chang La, kipito cha mlimani zaidi ya mita 5,300, hapo piga picha ondoka. Na sisi wageni tunahitaji kibali cha kwenda huko, unakipata kwa wakala palepale Leh, wanataka muwe angalau wawili so mko sawa, toa kopi nyingi. Laini ya simu ya vocha uliyosajili Pune kule haishiki, waage nyumbani mapema wasije wakatangaza umepotea.

msoma_pune
Asanteni sana. Je tukimeza Diamox, ile dawa ya ugonjwa wa mwinuko, tangu Delhi, bado hatuwezi kulala ziwani siku ya pili?

mgumu_wa_moshi
Hapana. Inausaidia mwili kuzoea, ila haikuondolei siku za kuzoea. Na muone daktari kwanza hasa kama una aleji ya dawa za salfa.

msoma_pune
Basi mwenzangu kakubali siku nane, ziwa tunaliweka mwishoni. Wa Pune mwenye jaketi zito la kuazima anicheki.