Mechi ya Coastal Mkwakwani: twende na kurudi siku hiyo hiyo, tulale mjini, au tufikie Pangani?

Mtu wa Mbagala
Salaam wakuu. Nataka kwenda Tanga kuangalia mechi ya ligi pale Mkwakwani, Coastal Union akiwa nyumbani. Ninatokea Dar. Fedha nimeshatenga, kilichobaki ni kuchagua. Njia ya kwanza ni kuondoka alfajiri, kuona mechi na kurudi usiku huo huo. Ya pili ni kulala Tanga mjini siku mbili hivi. Ya tatu, rafiki yangu ananishawishi tufikie Pangani ufukweni, siku ya mechi tuje mjini. Wenyeji na mliowahi kwenda, ipi inafaa? Naomba majibu mapema, nataka kulipia wiki hii.

Mgosi wa Chumbageni
Karibu sana Tanga, lakini bado hujatuambia chochote. Mechi na nani? Coastal na Simba au Yanga si sawa na Coastal na timu nyingine. Wakija hao wawili, vyumba vinakwisha siku kadhaa kabla na bajaji zinapandisha bei. Mnakuja wangapi? Mna gari au mnapanda basi? Mechi inaanza saa ngapi? Mkwakwani kuna taa, hivyo inaweza kuwa saa kumi jioni au ikawa usiku. Jibu haya kwanza ndipo tukushauri.

Dereva wa Segera
Wakati tunasubiri majibu yake, niseme la barabara maana ndiyo kazi yangu. Dar hadi Tanga ni kilomita kama 350. Kwa gari dogo weka saa tano hadi sita, na usiamini anayekwambia nne. Vijijini mwisho wa mwendo ni hamsini, na tochi za trafiki zipo Mkata, Kabuku, mpaka unakata kona ya Segera. Mimi nikitokea Dar sipiti Kibaha kabisa, napita Bagamoyo natokea Msata. Foleni ya malori ya Chalinze unaikwepa, na lami ni nzuri.

Wa basi mnapanda stendi ya Magufuli pale Mbezi, mnashuka stendi ya Kange. Kange si mjini, kwa hiyo ongeza nauli ya bajaji au daladala. Na treni ya Arusha msihangaike nayo kwa safari hii: inapita Korogwe, Tanga mjini haifiki, na haiendi kila siku.

Kimanumanu Damu
Mtu anakuja Tanga kuangalia mpira, watu wote mnamwambia Coastal, Coastal. African Sports je? Timu kongwe ya mji huu hata jina halitajwi. Mgeni akipata siku ya ziada aulize Sports wanacheza lini, aende akaone mpira wa watu wenyewe.

Mgosi wa Chumbageni
Sports tunaiheshimu, lakini ameuliza mechi ya Ligi Kuu. Mwenye timu kule ni nani sasa hivi?

Kimanumanu Damu
Msimu wa 2015/16 tulikuwa watatu: Coastal, Sports na Mgambo JKT. Na wote watatu tulishuka pamoja, Coastal ikiwemo. Mkoa mmoja kushusha timu tatu kwa msimu mmoja, lile jeraha ni letu sote. Coastal kurudi 2018 hakujafuta historia ya Sports.

Mpwa wa Bweni
Turudi kwenye swali. Mimi nasema Pangani, bila kusita. Kutoka Tanga ni kilomita kama 50 tu. Unalala unasikia bahari, asubuhi unapanda mashua mtoni, unaona mikoko na minazi, unapita mji wa kale wenye majengo ya tangu enzi za biashara ya pembe za ndovu. Njiani unasimama Tongoni kuona magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Mechi ni dakika tisini, safari ni kumbukumbu ya maisha. Kulala Ngamiani kwenye chumba cha feni kwa ajili ya dakika tisini, mimi sioni sababu.

Mama Zuhra
Mpwa wa Bweni, Pangani naipenda kama wewe, nimezaliwa Kigombe. Lakini fikiria mechi ikiisha saa tatu usiku, watu wametapakaa barabarani, halafu uanze safari ya Pangani gizani na familia. Mechi ya saa kumi, sawa. Ya usiku, hapana.

Mtu wa Mbagala
Ahsanteni wote. Mechi ni na Yanga. Saa bado haijatangazwa. Tutatumia gari langu. Tuko wanne: mimi, mke wangu, mwanangu wa darasa la tatu na baba yangu mzazi. Baba ndiye hasa ninayempeleka. Ujanani alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge upande wa Muheza, na mwaka 1988 Coastal wanachukua ubingwa yeye alikuwa huko huko. Tangu ahamie Dar hajarudi Tanga. Sasa ana zaidi ya miaka sabini, magoti yanamsumbua, kusimama muda mrefu hawezi.

Mgosi wa Chumbageni
Basi njia ya kwanza ifute. Saa kumi na mbili ndani ya gari kwa siku moja, na katikati mechi ya Yanga, kwa mzee wa magoti? Hapana. Mji wetu wanauita waja leo waondoka leo, lakini mzee huyu asiondoke leo. Mpe angalau usiku mbili. Fika siku moja kabla, ondoka siku moja baada.

Na mlale mjini, mahali ambapo mzee anaweza kufika Mkwakwani kwa bajaji dakika chache. Uwanja uko mjini kabisa, hauko pembeni kama viwanja vingine. Ila siku ya Yanga gari lako liache ulikolala. Ukiliingiza karibu na uwanja, kulitoa ni shughuli.

Mwana wa Moro
Naomba niseme yaliyonipata, maana mgeni huyu anataka kulipia wiki hii.

Agosti 2023 tulikuja Tanga kwa Ngao ya Jamii, Simba na Yanga, fainali pale Mkwakwani. Nilipiga simu nyumba moja ya wageni wiki mbili kabla, nikatuma fedha ya vyumba viwili kwa simu, nikaambiwa nimeshaandikiwa. Tulifika jioni ya siku moja kabla, mimi, shemeji zangu na watoto. Kijana wa mapokezi ananiambia vyumba vimejaa. Namwonyesha ujumbe wa muamala, anasema aliyepokea ni mwenzake na leo hayupo. Namba ile nikiipiga haipokelewi. Baadaye mlinzi akaninong'oneza kwamba kuna kundi limekuja na basi zima, limelipa mara mbili ya bei, wakapewa.

Tukaanza kuzunguka. Chumbageni kumejaa. Barabara ya Nane, ya Kumi, ya Kumi na Mbili, kote kumejaa. Raskazone tulipata chumba kimoja kwa bei ambayo sikuwa nayo. Saa sita usiku watoto wanalia njaa na usingizi. Tukalala ndani ya gari kwenye kituo cha mafuta, vioo tumeshusha kidogo kwa joto, mbu wakatufaidi mpaka asubuhi. Shemeji yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyeipenda safari ile kuliko sisi sote, akaamka na homa. Hakwenda uwanjani. Alilala kwa mama mmoja muuza chai aliyetuhurumia, akatandika mkeka uani kwake bila kudai hata shilingi. Mama yule sitamsahau.

Mechi yenyewe ilikwenda bila bao mpaka penalti, Simba wakashinda 3–1. Ally Salim kadaka penalti tatu mbele ya macho yangu na mimi ni mtu wa Simba, lakini nilikuwa nimechoka hata kushangilia sikuweza. Watoto wote wawili walikuwa wamelala mapajani.

Kwa hiyo ndugu yangu, usitume fedha kwa namba ya mtu binafsi. Dai risiti yenye jina la nyumba, na siku moja kabla ya kusafiri piga tena. Kama una ndugu Tanga, mwombe aende mwenyewe akaone chumba na alipie pale.

Mama Zuhra
Pole sana kaka. Hiyo si Tanga tunayoijua, ila siku za mechi kubwa tamaa inaingia. Na mama wa chai, huyo ndiye Tanga.

Mtu wa Mbagala, nipe tarehe utakayokuja kupitia ujumbe wa faragha, naweza kukuangalizia chumba cha chini, kisicho na ngazi. Kwa mzee hilo ni muhimu kuliko bahari.

Mapango ya Amboni msimpeleke. Ni mazuri, hayako mbali na mjini kwa njia ya Horohoro, na mtoto angefurahi, lakini ndani kuna sehemu za kuinama na miamba inateleza. Mama aende na mtoto, wewe na mzee nendeni makumbusho ya Urithi, pale boma la Wajerumani. Kuna picha za zamani za mji. Mpitisheni na stesheni pia. Reli ya Usambara ilianza kujengwa hapa 1893, na mtu wa mkonge lazima ana mengi ya kusema juu ya ile reli. Asubuhi mpeni mbaazi za nazi na mahamri, mchana bada, ule ugali wa muhogo, kwa samaki. Kama alikaa Muheza, bada anaijua.

Dereva wa Segera
Mbona mnampita Muheza kama kituo cha mafuta? Njia ya Tanga inapita hapo hapo. Kama mzee alifanya kazi mashambani kule, simameni. Hata dakika ishirini. Akiona ile mistari ya mkonge atakumbuka vitu ambavyo Mkwakwani haitampa. Machungwa pia nunueni hapo wakati wa kurudi, si wakati wa kwenda.

Mpwa wa Bweni
Sawa, kwa mzee nakubali alale mjini usiku wa mechi. Lakini usiku wa pili waleteni Pangani! Asubuhi baada ya mechi mnashuka polepole, Tongoni mnapumzika, mchana mko ufukweni. Mzee atakaa kivulini, maji yanampiga miguuni. Hakuna dawa ya magoti kama hiyo.

Dereva wa Segera
Halafu wanarudi Dar kwa njia gani? Wakipita Saadani na gari dogo wakati wa masika watakwama. Itabidi warudi Tanga kwanza ndipo wakamate Segera. Umemwongezea mzee kilomita mia moja kwa ajili ya kukaa kivulini.

Mpwa wa Bweni
Hakusema ni masika.

Dereva wa Segera
Hakusema si masika.

Kijana wa Msambweni
Wakuu, kuna jambo kubwa kuliko chumba. Ratiba. Yanga wakiwa na mechi za CAF, yaani mashindano ya klabu za Afrika, mechi zao za ligi zinasogezwa. Umeshalipia chumba, mechi imegeuka kiporo. Na uwanja nao unaweza kubadilika. Msimu wa 2024/25 Coastal walimkaribisha Simba Arusha, Sheikh Amri Abeid, si Tanga. Mukwala wa Simba akatupiga tatu peke yake. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini kwa mechi ya nyumbani, nikaiangalia kwenye kibanda umiza. Usilipe chochote mpaka siku, saa na uwanja vitangazwe, na hata hapo tafuta nyumba inayokubali kubadilisha tarehe.

Kimanumanu Damu
Sheikh Amri Abeid kuna mzimu wa Coastal. Fainali ya Kombe la FA 2022 na Yanga pale pale, Sopu wenu kafunga mabao matatu, mechi 3–3, halafu penalti mkafungwa.

Mgosi wa Chumbageni
Na siku ile hata wewe wa Sports ulilia, usikatae. Sopu alicheza mpira ambao mtoto wa Tanga hajacheza miaka mingi. Baada ya pale Azam wakamchukua. Beki wetu Mwamnyeto naye alikwenda Yanga 2020. Tunalea, wengine wanavuna. Mzee akija ataona Mwamnyeto yuko upande gani.

Kimanumanu Damu
Nililia kwa ajili ya Tanga, si kwa ajili ya Coastal.

Mtu wa Mbagala
Nimesoma yote, na Mwana wa Moro pole sana. La kwenda na kurudi nimeliacha. Bado sijaamua usiku wa pili, mke wangu amesoma habari za Pangani na sasa anaitaka. Baba nimemtajia Muheza, amenitajia majina ya watu watano na kuniuliza kama wako hai.

Swali la tiketi: nikate mzunguko au jukwaa kuu?

Mama Zuhra
Jukwaa kuu, lina paa. Mzunguko ni raha ya vijana, ngoma na nyimbo zote ziko huko, lakini siku ya Yanga watu wanasimama tangu mwanzo hadi mwisho. Mzee hataona kitu. Ingieni mapema, milango ikifunguliwa tu.

Kijana wa Msambweni
Ila mtoto mpeleke mzunguko hata kipindi kimoja. Mimi nilipendea mpira pale.

Mwana wa Moro
Siku ya Yanga? Mtoto wa darasa la tatu? Hapana, hapana.

Kijana wa Msambweni
Akiwa mabegani mwa baba yake kuna shida gani?

Mama wa Kaole
Samahani kuingilia. Nipo Bagamoyo, na mimi naitaka hiyo mechi. Mtu wa Mbagala, kama unapita Msata kama alivyosema Dereva, gari lako lina nafasi ya mtu mmoja? Nachangia mafuta.