Naomba ushauri: asembla gani nzuri ya gemu za NES?
Wadau salaam, niko hapa Malindi nataka kuandika kigemu cha NES, ile konsoli ya Nintendo yenye prosesa ya jamii ya 6502 na ramu ya kilobaiti 2 tu, sasa nimekwama kwenye asembla, yaani programu ya kugeuza kodi ya asembli kuwa lugha ya mashine. Mafunzo mengi ya zamani yanatumia NESASM lakini hiyo ina vituko vyake, kwa anwani zisizo za moja kwa moja (prosesa inasoma kwanza anwani iliyohifadhiwa kwenye kumbukumbu) asembla nyingine zinatumia mabano ya kawaida, yenyewe inataka ya mraba, kwa hiyo kodi ukiihamishia kwingine inagoma. asm6 naipenda, haina mambo ya linka (programu ya kuunganisha vipande vya kodi), unaandika amri moja unapata romu, yaani faili ya gemu, basi. Ila kila ninayemuuliza ananiambia ca65, na kweli baadaye naweza kuchanganya na lugha ya C kwa kompaila ya cc65, shida ni ile faili ya konfigi ya ld65, linka yake, lo, kama hati ya shamba! Gemu lenyewe dogo, jahazi linakwepa miamba, kilobaiti 32 za programu zatosha kabisa. Sasa nianze na asm6 halafu nihame, ama nijikaze na ca65 toka mwanzo? Na mwenye konfigi safi ya ld65 kwa NROM, ile aina rahisi ya kaseti ya NES, anirushie tafadhali.